Atakayebaki Amesimama

Kitu cha kwanza ambacho mgeni hukiona ofisini kwa mwalimu mkuu wa sekondari ya bondeni ni dirisha. Vioo vyote vimefifia kwa vumbi la barabara, isipokuwa kimoja, kinachotazama mlimani. Hicho kinang'aa kama jicho la paka. Mama mwenye ofisi hukipangusa mwenyewe kila asubuhi, kabla hata ya kushusha mkoba begani, na kupitia hapo yanaonekana mabati mekundu ya sekondari ya mlimani, shule ya bweni yenye maabara, maktaba na geti la chuma.

"Mwalimu, nikusafishie na hivi vingine?" mhudumu wa ofisi alimuuliza siku moja.

"Viache, mwanangu. Upande huo sina ugomvi na mtu."

Aliyegombana naye ni mkuu wa shule ya mlimani, ambaye wilaya nzima inamwita Bwana Wastani, kwa kuwa hawezi kumaliza kikombe cha chai bila kutaja wastani wa shule yake. Na wastani huo hauna siri. Kila mwaka, miezi michache kabla ya mtihani wa taifa, huwapa watahiniwa wake jaribio moja. Anayeanguka hufungishwa virago, akafanyie mtihani kwingine, na kwingine ni bondeni, shule ya kutwa isiyomkataa mtu. Mlimani hubaki mchele, bondeni huteremshwa pumba. "Makapi," Bwana Wastani aliwaita hivyo kikaoni, na tangu siku hiyo mwanamke anayewapokea akawa Mama Makapi.

Jina alilimeza. Kilichomkwama kooni ni siku ya matokeo ya mwaka jana. Bwana Wastani alikuwa ameishauri ofisi ya elimu kwamba matokeo yasomwe ukumbini mbele ya wazazi, wakuu wote wakiwa wamesimama jukwaani, na kila shule itakapotajwa kuanzia juu, mkuu wake akae. Yeye alikaa wa kwanza, akakunja nne. Mama Makapi alibaki peke yake, amesimama kama mlingoti usio na bendera.

"Kaa basi, dada," Bwana Wastani alimwambia, kipaza sauti kikiwa karibu. "Miguu itavimba!"

Ukumbi ulicheka. Wazazi wa bondeni nao walicheka.

Mwaka huu gari la mlimani liliposhuka na wafukuzwa wake, Bwana Wastani alikuja nalo mwenyewe.

"Dada yangu, nimekuletea wageni."

"Karibu, kaka. Na huyo wa nyuma?"

Wa nyuma alikuwa binti wa Mama Makapi mwenyewe, aliyekuwa akisoma bweni kule mlimani, amekumbatia sanduku la bati, macho yamemvimba.

"Huyo unamjua kuliko mimi," alisema Bwana Wastani. "Usinichukie, kazi ni kazi. Angenichafulia wastani."

"Alifanya jaribio akiwa na homa. Matroni wako ndiye aliyenipigia simu."

"Homa haisomwi ukumbini, dada."

Mama aliangalia viatu vya Bwana Wastani vilivyong'arishwa, kisha gari lake, kisha mwanawe. "Shusha sanduku," alimwambia binti. Maneno mengine aliyaweka akiba.

Tangu siku hiyo alichukua vipindi vya hesabu yeye mwenyewe, jua lilipokuwa bado halijachomoza vizuri. Aliyekosea alipelekwa kwenye kioo: "Tazama kule. Wanakucheka." Aliyepatia naye alipelekwa: "Tazama kule. Bado hawajajua." Walimu wenzake walinong'ona kwamba mama amepandwa na mashetani. Lakini wale watoto, waliokuja wameinamisha vichwa, waliwaka kama nyasi kavu. Walianza kujiita Makapi wenyewe, tena kwa sauti, na hata wenyeji wa bondeni waliozoea kuchelewa wakawa wanawahi ili wasipitwe.

Binti ndiye aliyeuliza, jioni moja wakiosha vyombo.

"Mama, hesabu hizi ni zetu au ni zake?"

"Zenu."

"Mbona basi ukiniangalia naona unamwona yeye?"

Mama alibaki ameshika sufuria, povu likimdondoka kiwikoni. Kesho yake hakupangusa kioo. Keshokutwa alikipangusa mara mbili.

"Kwani unataka tuwe wa kwanza?" binti alimuuliza usiku wa kuamkia matokeo.

"Wa kwanza wa nini? Sina tamaa hiyo. Nataka nikae kabla yake. Hata tukiwa wa pili kutoka mkiani, mradi mkia wenyewe awe yeye."

Leo ukumbi umejaa mpaka madirishani. Wakuu wamejipanga jukwaani, na Mama Makapi ameenda kusimama ubavuni kwa Bwana Wastani. Amevaa viatu virefu, vyekundu, ambavyo hakuna aliyewahi kumwona navyo.

"Dada, hivyo utavistahimili?" Bwana Wastani amenong'ona, akitabasamu. "Mwaka jana ulikuja na vya kusimamia."

"Mwaka huu nimekuja na vya kukalia, kaka."

Ofisa elimu amegonga kipaza sauti, akasoma shule ya kwanza. Ni ya wasichana, ile ya ng'ambo ya mto. Bwana Wastani, aliyekwisha kuinama kukishika kiti, ameganda hivyo hivyo, nusu amekaa, nusu amesimama. Mnong'ono umepita ukumbini kama upepo kwenye mahindi. Shule ya pili imesomwa, ya tatu imesomwa, wakuu wamekaa mmoja mmoja, na viti vyao viwili, vilivyo jirani, bado ni vitupu.

"Mama!" binti ameita kutoka nyuma, kisha akajiziba mdomo.

Bwana Wastani anajifuta jasho. Mama Makapi hamtazami. Ameshika kwa mkono mmoja mgongo wa kiti chake, taratibu, kama mtu anayemshika ng'ombe asikimbie, naye ofisa anavuta pumzi kutaja shule inayofuata.