Kibanio cha Ami Monji

Ami Monji hakutoka nyumbani kwake Mahdia, mji wa Kitunisi, bila kubana mguu wa kulia wa suruali kwa kibanio cha kuanikia nguo. Alipeleka barua za posta kwa miaka thelathini na moja, na kibanio kilizuia suruali isiliwe na mnyororo wa baiskeli. Lakini alikibana hata akienda msikitini kwa miguu, hata harusini, na siku ya safari alikibana uwanja wa ndege, askari wa ukaguzi akamwomba akivue kama saa.

Safari yenyewe ilianzia mtaroni. Mwezi wa Aprili Ami alitumbukia humo na baiskeli yake, na mwanawe Anis akaapa kuiuza.

"Baba, una miaka sabini na moja!"

"Mimi sabini na moja, baiskeli hamsini. Mbona unamuuza mdogo?"

Aliyewasuluhisha ni Selwa, binti wa marehemu kaka yake Ami, mwalimu asiye na maneno mengi, ambaye kila likizo aliujua mji mgeni kwa kukimbia mitaani mwake. Alikuwa anakwenda Iskandaria; akasema atamchukua ami yake, akodi baiskeli huko, waende pamoja wiki nzima. Akianguka au akipotea, ya Mahdia iuzwe. Asipoanguka wala kupotea, Anis afunge mdomo. Selwa ndiye hakimu, na aliapishwa aseme kweli.

Siku tatu zilipita salama katika barabara ya ufukweni. Selwa alikimbia, Ami akanyonga pedali taratibu kando yake.

"Unakimbia kama mtu aliyeacha sufuria jikoni," alimwambia.

Siku ya nne waliingia mitaa ya ndani, na balaa likaanza. Iskandaria, mtu anayekula mlangoni kwake hakuachi upite bila kukukaribisha. Nawe unaweka mkono kifuani, unamwombea baraka, unakwenda zako. Kila mtu anajua. Ila Ami, ambaye kwa miaka yote ile alihesabu kukataa chai ya mwenye barua kuwa ni tusi.

"Karibu, hajj!" alisema fundi viatu, tonge la maharage mkononi.

Ami akashuka, akaegesha baiskeli, akanawa. Fundi aliitazama sahani yake kama mtu anayeaga.

Selwa alipogeuka, hakumwona ami yake. Alirudi akihema.

"Umemwona mzee wa Kitunisi, ana kibanio mguuni?"

"Ami Monji? Kamaliza maharage yangu sasa hivi," alijibu fundi. "Mzee mzuri. Anakula!"

Mtaa wa pili, mpiga pasi alimchungulia kupitia mvuke. "Wewe ndiye Selwa anayekimbia bila kufukuzwa?"

"Ndimi."

"Kanywa chai, kamuulizia mama yangu, kanigombeza kwa kuwa mlango wangu hauna namba. Kapita kule."

Kule kulikuwa na sahani nyingine iliyofutwa, na kule kwingine bakuli la mboga. Katika mlango wa sita Selwa alisimama, akatambua kwamba hajui bahari iko upande gani. Aliwaza atamwambia nini Anis. Alikumbuka pia alipokuwa mdogo, barua za baba yake kutoka ng'ambo zikija na baiskeli ile. Ami hakuzisukuma chini ya mlango. Alishuka, akaketi, akangoja zisomwe hadi mwisho, kwa kuwa wakati mwingine mama alilia.

Ndipo aliposikia vifijo. Alikata kona, akaona: Ami Monji juu ya baiskeli, mkono mmoja kwenye usukani, mwingine umeshika chanja ya fito iliyojaa mikate kichwani mwake, na mwenye mikate, bwana wa masharubu makubwa, akimfuata mbio huku amejishika kichwa.

"Ami, shuka!"

"Nashukaje? Nimekula mkate wake, namsaidia kubeba hii arobaini!"

Selwa alimkimbilia, macho juu kwenye mikate. Mguu ukagonga ukingo wa njia, akaenda chini kifudifudi.

Ami alizunguka kwa madaha, akamkabidhi mwenye mali chanja yake bila mkate kudondoka, kisha akaja kuketi chini kando ya Selwa.

"Umeumia?"

"Goti tu."

"Umepotea?"

"Kidogo."

"Haya. Aliyepotea wewe, aliyeanguka wewe. Tuuze viatu vyako?"

Jioni ile Anis alipiga simu.

"Hakuanguka," Selwa alisema. "Wala hakupotea."

"Kweli tupu?"

"Naapa."

Ami aliendesha miaka mitatu zaidi, mpaka magoti yalipokataa. Baiskeli hakumwachia Anis. Siku Selwa alipokwenda kuichukua, mzee aliinama polepole, akakitoa kibanio kwenye suruali yake, akakibana kwenye ya Selwa. Kisha akatupa jicho mlangoni, asije mwanawe akasikia. Wiki iliyofuata alizikwa, na maneno ya mwisho aliyomwambia Selwa siku ile yalikuwa haya:

"Ukianguka, Anis asijue."