Hedifoni ya Waya

Dukani Makambako siku ile tulikuwa wanne: mimi, mdogo wangu wa kike, jirani yetu aliyekuwa ametoka kuuza viazi, na muuza hedifoni. Wazazi walipofariki niliacha shule nimlee mdogo wangu. Tunaishi chumba kimoja Njombe. Yeye alikuwa akijiandaa na mtihani wa kidato cha nne, nami nilikuwa najifunza gitaa la besi la kwaya. Kila nikipiga, meza yake ilitetemeka.

Muuzaji alinipa kwanza hedifoni isiyo na waya. Nikapiga gitaa nililokuja nalo, lakini sauti ilifika masikioni kidole kikiwa kimeshaondoka. Nikarudia haraka zaidi, bado ikanifuata kwa nyuma.

"Inachelewa," nikasema.

"Utaizoea, kaka."

"Kwenye kwaya anachelewa mwenyewe," mdogo wangu akadakia. "Usimwongezee."

Nikajaribu ya waya, nene, inayofunika sikio lote. Nikagusa kamba ya chini kabisa, besi ikanijaa kichwani. Nikamtazama mdogo wangu. Alikuwa anasoma daftari lake, wala hakuinua uso. Nikajua ndiyo hiyo.

Pesa haikutosha. Jirani akaongezea.

"Utanilipa siku mbili za kuvuna viazi," akasema. "Na hilo gitaa uliache nyumbani."

Nimeshamvunia siku moja. Ya pili bado, na kila nikifanya mazoezi naacha sikio moja wazi, jirani asije akabisha hodi nisimsikie.