Siku Niliyopinga Shule Kufunguliwa

Jamani, aibu hii nilikuwa nimeapa kwenda nayo kaburini, lakini kwa vile kila nikipita stendi ya Kitale kuna mtu anapaza sauti, "Mwalimu, shule zifunguliwe ama zisifunguliwe?" halafu wenzake wanashika mbavu, nimeona heri niisimulie mwenyewe kabla haijatiwa chumvi zaidi. (Kuna wanaosema nililia. Sikulia, yale yalikuwa maji, na nitafika hapo.)

Ilikuwa mwaka ule wa korona. Nilikuwa nafundisha Hesabu na Sayansi katika shule ndogo ya mtu binafsi pembeni mwa mji wa Kitale, na shule zilipofungwa mwezi wa tatu mwenye shule akatuambia tukae nyumbani tungoje. Mke wangu Nafula ni muuguzi, anashinda zahanati na watu wanaokohoa, na akaogopa kutuletea ugonjwa kwenye nyumba yetu ya chumba kimoja, kwa hivyo tukaamua binti yetu Nanjala, aliyekuwa darasa la nane, aende kwa nyanya yake, Kukhu kama tunavyosema kwetu, mama yake Nafula, huko karibu na Kibabii, Bungoma. "Wiki mbili tu," nikasema. Hizo wiki mbili zikazaa miezi sita, na mimi katika hiyo miezi sita nilikwenda kumwona mara mbili. (Ndiyo, mara mbili. Msinitolee macho.)

Sasa, kwa wale msiotujua, kwetu Bungoma mwanamume na mama mkwe wake hawakaribiani. Hampeani mkono, hamkai chumba kimoja, hamli pamoja, na ukimwona anakuja njiani unampisha huko mbali, unaangalia nyasi kana kwamba kuna kitu umeangusha. Vijana wa siku hizi wameanza kulegeza, lakini mimi kwa miaka kumi na minne ya ndoa nilikuwa nimeishika mila hiyo mpaka ukweni wakawa wananitaja kwa wakwe wengine: "Si muige mwalimu! Huyo ndiye mkwe." Na niliipenda hiyo sifa, nisiwadanganye, kuliko hata cheti changu cha ualimu. Ubaya wake ni mmoja tu, kwamba mama mkwe wangu nilimjua kwa mgongo na kwa leso. Uso wake niliuona vizuri siku ya harusi, na hata siku hiyo nilikuwa naangalia keki.

Basi, mwezi wa tisa akanipigia simu Simiyu, tuliyesoma naye, ambaye ni mtangazaji wa kituo kimoja kidogo cha redio.

"Niaje, mwalimu. Jumamosi tuko na mjadala kwa uwanja wa kanisa huku Kibabii, uko hewani moja kwa moja. Shule zifunguliwe ama zisifunguliwe. Nataka mtu wa kupinga."

"Lakini mimi nataka zifunguliwe, bana. Niko nyumbani tangu mwezi wa tatu!"

"Wanaotaka zifunguliwe ni wengi, hata wengine nawafukuza. Wa kupinga ndio sina. Na wewe uko na mdomo."

Hapo kwa mdomo ndipo aliponipata. Nikamwambia Nafula, na nikamuuliza kwa heshima zote kama mama yake atakuwa karibu, akaniambia hapana, siku hiyo anakwenda Cheptais kununua vitunguu, hatarudi mpaka jioni. Nikaona mambo ni sawa, nitapinga asubuhi, mchana nipite nimwone Nanjala, nirudi Kitale nikiwa mtu maarufu.

Nilipofika uwanjani viti vilikuwa vimepangwa mbalimbali, kila mtu na barakoa yake, na naibu wa chifu anazunguka akikagua pua za watu. Mimi ni mtu wa miwani, na mnajua miwani na barakoa haviivi chungu kimoja, ukipumua tu vioo vinajaa ukungu. Nilikuwa na njia mbili: nishushe barakoa naibu wa chifu anitoe kwa aibu, ama nivue miwani. Nikavua, nikaitia mfukoni, nikajiambia kuongea hakuhitaji macho. Huo ndio uamuzi mdogo uliobeba mengine yote, maana kuanzia safu ya pili kwenda nyuma watu walikuwa kama nguo zimeanikwa kwenye kamba, rangi naziona, mtu simwoni.

Wa kwanza kusema alikuwa mzee mmoja wa mbele. "Hawa watoto wamemaliza miwa yangu yote shambani!" akalia. "Mwarimu, kama hawaludi shure, mimi nitahama!" Watu wakacheka, nami nikachukua maikrofoni nikaanza. Nikasema watoto hawawezi kukaa mbalimbali, wanakopeshana kalamu wakitoka kuzitafuna, dawati la watu wawili linakaliwa na wanne, na mtoto akifa hakuna mtihani utakaomfufua. Makofi. Nikasema tena. Makofi tena. Jamani, makofi ni kitu kibaya, yalinipanda kichwani hata nikasahau kwamba ninayoyasema siyaamini.

Ndipo akasimama mama mmoja safu ya tatu. Nilichoona ni barakoa ya buluu, na leso ya manjano ameivuta mpaka machoni, na amesimama upande, amenipa bega. Akawa anaongea na Simiyu, si mimi, kwa sauti ya chini mpaka Simiyu akamsogezea maikrofoni nyingine.

"Mwanangu, mwambie mwalimu mimi naishi na mjukuu wangu wa darasa la nane. Mwezi wa tatu alikuwa ananifundisha asilimia kwa punje za mahindi. Sasa anasuka watu nywele sokoni, na akiona kitabu anageuza uso. Juzi ameniambia, Kukhu, mambo ya shule yalikuwa ya zamani. Mwambie mwalimu, huo nao ni ugonjwa, na hauna barakoa."

Wengine wakatikisa vichwa, wengine wakasema "eeeh". Mtu mwenye akili angeketi hapo. Mimi nikaona nanyang'anywa makofi yangu. (Na kama mnauliza, mbona hukushtuka kusikia darasa la nane? Mwaka ule kila nyanya wa Bungoma alikuwa na mjukuu wa kutoka mjini, na wangu mimi nilijua nyanya yake yuko Cheptais na vitunguu.)

"Mbona mama anaongea na mtangazaji?" nikasema. "Si mimi niko hapa? Nigeukie, mama, tuzungumze! Ama unaniogopa?"

Vijana wa nyuma wakacheka. Lakini wamama wawili wa safu ya mbele niliweza kuwaona, na wao hawakucheka, mmoja alishika barakoa kwa mikono miwili kama mtu aliyeona ajali. Nikadhani amevutiwa na hoja zangu.

Yule mama akazidi kugeuka, sasa akanipa mgongo kabisa. "Mwambie sina ruhusa ya kumgeukia."

"Ruhusa ya nani? Hii ni nchi huru!" Nilikuwa nimepamba moto. "Halafu niulize, huyo mtoto ana wazazi ama aliokotwa? Wako wapi? Baba wa aina gani anamtupia nyanya mtoto wa mtihani halafu anapotea? Mama, mtaje jina hapa hapa, redioni, aibu imshike!"

Makofi yaliyopigwa hapo yalikuwa makubwa kuliko yote. Mama yule akangoja yaishe, bila haraka, akarekebisha leso yake.

"Mwanangu," akamwambia Simiyu, "mwambie mwalimu mimi nimelelewa na mila. Jina la mkwe wangu siwezi kulitaja. Hasa akiwa amesimama hapa na maikrofoni."

Kwanza hakuna aliyeelewa, hata mimi. Kisha wale wamama wawili wa mbele wakasema "Uuuwi!" kwa pamoja, na ile sauti ikatembea safu kwa safu mpaka nyuma. Nikaingiza mkono mfukoni, nikavaa miwani. Ikajaa ukungu. Nikangoja. Ukungu ukapungua taratibu, na kitu cha kwanza nilichoona ni ile leso ya manjano yenye ndege wa kijani, ambayo Nafula aliinunua Kitale Krismasi iliyotangulia, na niliyompelekea mama yake nyumbani kwake kwa mkono wangu huu, nikaiacha mlangoni na kukimbia kama mila inavyotaka. Kumbe safari ya vitunguu ya Cheptais ilikuwa imeahirishwa.

Sasa miguu yangu, ambayo ina adabu kuliko mdomo, ikakumbuka kazi yake ya miaka kumi na minne, ikaanza kunirudisha nyuma. Nikarudi kinyumenyume nikiangalia nyasi, maikrofoni bado mkononi, waya ukanizunguka mguu, nikaparamia ile stendi ya jerikeni ya kunawia mikono, na jerikeni, sabuni, beseni na mimi tukaenda chini pamoja. Nililowa kuanzia kichwa mpaka viatu. Nikapiga ukelele, na kwa kuwa maikrofoni ilikuwa hai, ukelele huo ulisikika mpaka Kapsokwony, na baada yake sauti ya Simiyu ikisema kwa utulivu, "Wasikilizaji, tumepata hitilafu kidogo ya mitambo."

Nilikimbilia nyuma ya choo cha kanisa. Simu ikalia, ni Nafula, kumbe zahanati nzima ilikuwa imewasha redio.

"Baba Nanjala, uko salama?"

"Niko salama, mke wangu."

"Basi furahia, kwa sababu usalama huo ni wa mpaka nitakapokuona."

Nikakaa hapo juu ya jiwe, maji yakinichuruzika, na nitawaambia ukweli: kilichoniuma si kucheka kwa watu, wala hata zile adabu nilizovunja. Kilichoniuma ni kwamba lile swali, baba wa aina gani, nililiuliza mwenyewe, kwa sauti yangu mwenyewe, na jibu lilikuwa mimi. Mtoto wangu anasuka nywele sokoni, ameacha vitabu, na mimi mwalimu wa Hesabu nimepata habari hiyo redioni pamoja na wasikilizaji wengine. Sikuwa na uso wa kumwendea Nanjala. Nikapanda bodaboda mpaka mjini, nikarudi Kitale vile nilivyo, nimelowa.

Wazee wakaniambia mtu aliyemfokea mama mkwe haendi mikono mitupu, apeleke blanketi na jogoo. Nikavitafuta. Kabla sijaondoka akaja shemeji yangu Wanyama na ujumbe, hata kuketi hakuketi.

"Mama anasema blanketi usilete, yeye hasikii baridi. Ulete vitabu. Kila Jumamosi mpaka shule zifunguliwe."

"Na jogoo?"

"Ah, jogoo si ulete! Nani amekataa jogoo?"

Jumamosi ya kwanza Nanjala alikaa na mimi barazani bila kuniangalia, vidole vinanukia mafuta ya nywele. Nikafungua kitabu. Akasema, "Baba, redioni uliongea vizuri sana. Sasa mimi, simu ulikuwa unashindwa kunipigia?" Nikamwomba msamaha, na sijawahi kuomba msamaha kwa mtoto kabla ya hapo, sikujua hata niweke wapi mikono. Akavuta kitabu, akasema, "Haya, ukurasa gani?"

Mama mkwe wangu alikuwa jikoni, nyuma ya ukuta wa udongo, ambako mila inamruhusu kuwa, na ambako, nilikuja kugundua, anasikia kila kitu. Kila baada ya muda Nanjala anaitwa, anakwenda, anarudi anajing'ata midomo. "Kukhu anasema unafoka." Nashusha sauti. "Kukhu anasema hesabu ya tatu hujaieleza." Naieleza. "Kukhu anauliza, ile asilimia, si ungetumia mahindi?" Nikatumia mahindi. Jumamosi ya pili Nanjala alikuwa ameanza kubishana na majibu ya nyuma ya kitabu, na ya tatu nilimkuta ameshamaliza zoezi kabla sijafika, nywele za watu zinangoja.

Mwezi wa kumi ikatangazwa kwamba watoto wa darasa la nane warudi. Simiyu akanipigia, anataka nije studio tujadili ufunguzi. Nikamwambia tangu leo mpaka nitakapozikwa, mjadala wowote, aulize kwanza mama mkwe wangu anaunga mkono upande gani, halafu mimi aniweke upande huo huo, kiti cha nyuma, bila maikrofoni.

Nikaenda kumchukua Nanjala. Sare ilikuwa imemfupika, nyanya yake ameshusha pindo mpaka kitambaa kimeisha. Nikasimama langoni, mbali kabisa, macho kwenye nyasi, miwani usoni imejaa mvuke wa barakoa. Mlango wa jikoni ulikuwa wazi kidogo. Nanjala akakumbatiwa huko ndani, akatoka, akaitwa tena, akaja kwangu mbio na begi mgongoni.

"Baba, Kukhu anauliza, mwalimu bado anapinga?"

"Mwambie Kukhu mwalimu ameshindwa."

Akarudi akasema. Na huko jikoni, kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na minne, nikamsikia mama mkwe wangu akicheka.