Bangili za Shaba na Mizani ya Alhamisi

Mtaa wetu mzima wa Kadutu ulinijua kama mama wa kilo. Nilijifanya sipendi, lakini moyoni nilifurahi sana. Ilikuwa bado enzi ya Wabelgiji, miaka michache kabla ya uhuru, nami nilifanya kazi kwenye fwaye, ile nyumba ambamo wanawake wa mjini walifundishwa kushona na kutunza watoto. Mkubwa wangu alikuwa Madamu mmoja wa Kibelgiji aliyepanda kila asubuhi kutoka Nyalukemba, mtaa wa wazungu. Kazi yake ilikuwa watoto wenye shida nyumbani: mama amekufa, baba hajulikani aliko, maziwa hakuna. Mimi nilikuwa miguu yake na mdomo wake. Nilizunguka vilima vyote nikibisha hodi, nikatafsiri Kifaransa, Kiswahili na Kimashi, na kila Alhamisi nikapima watoto.

Mizani ile! Nyeupe, na sahani pana kama beseni la kuogea mtoto. Niliifuta mwenyewe, na mtu mwingine akiigusa nilimfokea. Sheria ya kwanza niliyofundishwa ilikuwa fupi: mtoto anapimwa uchi, hata uzi wa kiunoni unatoka. Kila kadi ilikuwa na kisanduku kidogo cha kuthibitisha hivyo. Nilikitia alama kwa mwandiko wangu mzuri, na mwandiko wangu, niseme ukweli, ulikuwa mzuri kweli.

Basi akaja mama mzee mmoja na mjukuu wake mgongoni, msichana wa miezi saba. Binti ya mama mzee, ndiye mama wa mtoto, alikuwa amekufa wiki chache baada ya kujifungua. Baba alikuwa kwenye machimbo ya dhahabu kule Luhwindja na hakuonekana. Mtoto alikuwa mwembamba mpaka nikaogopa kumshika. Macho makubwa, shingo kama kijiti.

Madamu alimtazama, kisha akanipa la kutafsiri. Tutatoa maziwa ya unga, na mama mzee amlete Alhamisi tatu. Mtoto akiongezeka uzito, atabaki naye. Asipoongezeka, ataenda kwenye nyumba ya yatima, kule chini bondeni, ukishapita Luvungi, mwendo wa siku nzima kwa kamio, lile lori la mizigo. Madamu hakuwa mtu mbaya. Alikuwa ameona watoto wengi wakifia mikononi mwa mabibi waliowapenda, na hakutaka kuona mwingine. Lakini mama mzee aliposikia, alikaa chini palepale sakafuni. Binti mwingine hakuwa naye, na mjukuu ni huyo mmoja tu.

Alhamisi ya kwanza nilimvua mtoto nguo, nikakuta bangili za shaba, mbili kila mguu, nzito, za zamani. Nikamwambia azitoe.

"Hizi ziko za mama yake," akasema. "Alizivaa akiwa mudogo hivi. Nikizitoa, mutoto atabakia na nini ya mama yake?"

Akaanza kulia, bila sauti, machozi tu yanashuka. Nyuma yake kulikuwa na foleni, watoto wanapiga kelele, na mimi machozi ya wazee siyawezi. Nikasema, "Basi, acha. Tupime hivi hivi." Nikampima na shaba zake. Kilo tano na gramu mia tatu. Kisha, kwa mwandiko wangu mzuri, nikatia alama kwenye kisanduku kwamba yuko uchi. Wiki ya pili nikafanya vilevile. Gramu hamsini zaidi. Nilimpongeza mama mzee nikasahau, maana uwongo mdogo hausumbui usingizi.

Alhamisi ya tatu Madamu alikuja kusimama karibu na mizani mwenyewe. Nilimlaza mtoto, mshale ukatulia. Kilo tano na mia moja.

Nilipiga sahani kidogo kwa kidole, labda mshale umekwama. Wapi! Kilo tano na mia moja. Madamu alisoma kadi, akaona mstari unashuka, akavuta pumzi. "Anapungua," akasema. "Mwambie ajiandae. Kamio itaondoka Jumamosi asubuhi."



"Anasema nini?" mama mzee akauliza.

Nilikuwa namtazama mtoto. Mashavu yamejaa kidogo, jamani, nilikuwa nayaona! Anarusha miguu kwa nguvu kuliko wiki iliyopita. Mtu anayepungua harushi miguu hivyo. Nikaitazama ile miguu vizuri. Ilikuwa mitupu.

"Anasema nini, binti yangu?"

"Mama, bangili ziko wapi?"

"Jirani yangu aliniambia muzungu hapendi ile bintu, atasema tuko bashenzi. Nilizitoa leo asubuhi, juu asikasirike. Zilitoka bila hata sabuni."

Ee Mungu wangu. Nilielewa yote kwa mara moja. Wiki mbili nilipima mtoto na shaba, leo nimepima mtoto peke yake. Aliyepungua si mtoto. Lakini kumwambia Madamu hivyo ni kumwambia pia kwamba ile alama kwenye kadi ni uwongo wangu, si mara moja, mara mbili. Walikuwapo wasichana wengi Kadutu waliojua Kifaransa na waliotamani kiti changu. Nitakuwa mwongo nikisema nilikuwa jasiri. Nilifikiria kwanza kiti changu. Nilifikiria pia mizani yangu. Ndipo mama mzee akaanza kumfunga mtoto nguo polepole, kama mtu aliyekwisha kuelewa bila kutafsiriwa, na mikono yake ikawa inatafuta kifungo na kukikosa.

Nikasema. Kwa Kifaransa, haraka haraka, nikitazama viatu vya Madamu: sikumvua, nilitia alama, kosa ni langu, mama huyu hana kosa.

Madamu aliiva wekundu mpaka masikio. "Tangu lini? Na watoto wengine?" Nikaapa ni huyu peke yake. Akasema kiapo changu akifanyie nini sasa, kama alama yangu haina maana? Maneno hayo yaliniuma kuliko kofi, kwa sababu yalikuwa kweli.

Kisha akasema jambo ambalo mimi sikuwa nimelifikiria: "Ziko wapi hizo bangili?"

Nilimgeukia mama mzee nikamwuliza. Aliingiza mkono kwenye kikapu, akatoa kitambaa kilichofungwa fundo, akafungua. Zilikuwemo zote nne. Madamu alizipanga mwenyewe juu ya sahani ya mizani yangu, akainama, akasubiri mshale utulie. Gramu mia tatu na tisini.

Akaandika kwenye kadi, akatoa uzito wa shaba kwenye zile wiki mbili, akafuta, akatoa tena. Mwishoni akageuza kadi ili nione. Wiki ya kwanza mtoto hakufika hata kilo tano. Leo alikuwa na tano na mia moja. Alikuwa ameongezeka kila Alhamisi, na zaidi ya yote wiki ile ya mwisho.

"Anabaki," akasema Madamu.

Nilimwambia mama mzee neno hilo moja: "Anabakia." Halafu nikacheka, nikalia, nikajifuta uso kwa taulo la watoto. Mama mzee hakulia safari hii. Alipiga magoti akaanza kumrudishia mtoto bangili, na Madamu akamshikia mguu.

Adhabu nilipata, msidhani. Nilipima upya watoto wote wa kadi zangu, mmoja mmoja, Madamu amesimama mgongoni kwangu, na mwezi mzima nilifua vitambaa vya mizani. Nilifua nikiimba. Kiti changu kilibaki changu. Na kwenye kadi ya mtoto yule Madamu aliandika juu kabisa kwamba apimwe na bangili, kisha gramu mia tatu na tisini zitolewe.

Tuliendelea hivyo hadi Alhamisi moja, miezi kadhaa baadaye, mama mzee alipoingia amefura, ameruka foleni, mtoto mgongoni na kitambaa chenye fundo mkononi. Akakitupa kwenye mizani.

"Nilizitoa kuzisugua, sasa zinakataa kurudi! Nilipaka sabuni, nilipaka mafuta, kisigino hakipiti! Ni weye na maziwa yako! Mutoto amenenepa bila adabu!"

Madamu aliinua kichwa kutoka kwenye makaratasi yake. "Anasema nini?"

Safari hii nilitafsiri kila neno, na matusi nikayaongeza.