Dawa Inayopenda Mahindi

Binti yangu alikuwa mgongoni, na dumu la maji kichwani, nilipomkuta shemeji, mdogo wa mume wangu, ndani ya shamba langu pale Nanganga. Kabeba bomba la kupulizia dawa, anapiga mluzi. Mistari ya chini alishaimaliza.

"Shikamoo, shemeji."

Marahaba nikaimeza. "Unafanya nini?"

"Nakuokoa na jembe. Hii dawa ina akili, inaua magugu ya majani mapana tu. Mahindi haiyagusi."

"Na kunde?"

Akainama kutazama chini ya mahindi.

Nimesoma mpaka kidato cha nne. Maandishi ya kwenye chupa hayanishindi. Dawa yenyewe sina ugomvi nayo. Kwenye mahindi matupu inamaliza magugu kama kishona nguo bila mtu kutoka jasho. Lakini huku kwetu nani anapanda mahindi matupu? Chini yake kuna kunde, kuna maboga, kuna mlenda uliojiotea. Vyote majani mapana. Dawa haijui kipi mboga na kipi gugu.

Na kunde zile si za kununua. Wajerumani walipochoma maghala wakati wa Maji Maji, bibi wa bibi yangu alikimbilia porini na mbegu kazifunga kwenye pindo la nguo. Tangu hapo, binti akizaa, mama yake humkabidhi mbegu hizo. Mimi nilikabidhiwa mwaka uleule, baada ya kumzaa binti yangu, na kwa kuwa wadudu walianza kuzitoboa, nikapanda zote. Nyumbani haikubaki hata punje.

"Shusha bomba."

"Ah, shemeji, hasira za nini? Kunde si zimejaa sokoni Masasi?"

"Shusha, kabla sijalishusha pamoja na mgongo wako!"

Akashusha.

Zilizopata dawa zilijikunja mashina, zikafa. Zilizobaki nilizipalilia kwa jembe, mwenyewe, mpaka zikatoa maua.

Mavuno hayakuwa ya kujivunia, ila mbegu zilitosha. Nikazianika, nikazichanganya na majivu, nikaziba kibuyu. Shemeji akaja kula kama kawaida yake. Akaitazama sahani: ugali na chumvi.

"Kunde ziko wapi, shemeji?"

"Kwenye kibuyu, zinamsubiri binti yangu azae. Wewe si una dawa inayopenda mahindi? Haya, kula mahindi."