Waya Nyeusi za Pikapu ya Baba

Utepe mweusi wa umeme ukipigwa na jua, gundi yake hulainika na kutoa harufu nzito, tamu kidogo, kama lami. Nikiinusa, wenzangu, narudi Tabora, kwenye ua wetu wa mchanga, pikapu ya baba ikiwa imefunuliwa boneti.

Mwaka ule baba aling'oa injini iliyokuwa ikitembea vizuri tu, akaweka ya kisasa, yenye kompyuta na sensa, vile vidude vya kupima joto na hewa. Fundi aliyemsaidia akaunga sensa zote kwa waya za rangi moja, nyeusi, akazizungushia utepe mweusi, kisha akahama mji. Ipi ya joto la maji, ipi ya hewa, hakuna aliyejua. Pikapu ikalala. Mama, aliyeitegemea kupeleka nguo alizoshona mnadani Nzega, hakugomba. Aliacha tu kusemezana na baba. Siku zikapita, nikaona begi lake limefungwa mlangoni. Alikuwa anakwenda kwao Urambo, na hakusema atarudi lini.

Asubuhi hiyo baba alinisimamisha katikati yao.

"Zuhura, mwambie mama yako kidole kimoja hakivunji chawa. Namwomba anisaidie kupima."

Mama alikata uzi kwa meno. "Mwambie baba yako chawa huyo kampandisha mwenyewe."

Lakini aliinuka.

Baba alijikunja chini ya dashibodi na betri ndogo, akipeleka umeme kwenye waya moja baada ya nyingine. Mama aliinama kwenye injini, akigusisha balbu kwenye plagi za sensa mpaka iwake. Mimi nilisafirisha maneno.

"Mwambie imewaka. Ya joto la maji."

"Baba, imewaka! Ya joto la maji!"

"Mwambie aifunge alama."

Mama alifunga kipande cha kitenge, nami nikampelekea baba kipande cha rangi ileile afunge upande wake. Injini ikaanza kupendeza kama bibi harusi.

Jua lilipopanda, balbu ikagoma.

"Mwambie haiwaki."

Kabla sijafungua kinywa, baba akajibu, "Pana kutu hapo. Sugua kwanza."

"Nimeshasugua, Baba Zuhura."

Jina hilo lilikuwa halijasikika nyumbani siku nyingi. Baba akatoa kichwa chini ya dashibodi.

"Basi jaribu tena, mke wangu."

Ikawaka. Kuanzia hapo hakuna aliyenituma tena, nami nikanuna kwa kunyang'anywa kazi. Alasiri pikapu ilinguruma, na jioni begi likafunguliwa.

Miaka yote niliamini ni mlio wa injini uliombakisha mama. Kisha, nikiwa mtu mzima, nilimwona fundi mmoja akizitambua waya za sensa peke yake, kwa kipimo kidogo cha mkononi. Baba alikuwa ameshafariki. Nikamuuliza mama kama baba naye alikuwa nacho kipimo kama hicho.

Alicheka mpaka akafuta machozi. "Kilikuwa kimetuna mfukoni mwake siku nzima."

"Sasa kwa nini ulikubali kumsaidia?"

"Na yeye, mwanangu, kwa nini aliniita?"