Lebo ya Nne

Kama umekuja kubisha, acha hapa hapa ukanywe chai yako. Haya yalinikuta mimi, mchana kweupe, ofisini kwangu Kilburn, akili zangu timamu na tumbo limeshiba. Mwanaidi ni shahidi.

Kwanza unijue. Shule niliachia darasa la sita, Tanga. London nimeosha vyombo, nimefagia treni, na leo nina kampuni ya kuhudumia wazee majumbani, wahudumu kumi na wanane, wote nawalipa mimi. Nilipoambiwa ninunue mfumo wa kompyuta wa kulinda mafaili ya wateja, nikanunua. Nilipoambiwa nimlipe mtaalamu aupange, nikacheka. Nimlipe mtu kwa kubonyeza? Nikaupanga mwenyewe, Jumapili moja.

Mfumo unasoma faili wenyewe na kulibandika lebo: Wazi, Ndani au Siri. Mteja akifariki, siku saba zikitimia, saa kumi na moja jioni, kila ukurasa wenye lebo ya Wazi unakwenda kwenye simu za familia yake. Na ili mfanyakazi asichezee faili la marehemu, nikaweka sera kwamba mtu akishakufa, lebo yake haibadilishwi na yeyote. Yeyote! Nikajipongeza.

Kitu kimoja sikukijua. Mashine ile inatafuta mambo ya siri kwa Kiingereza tu. Wateja wangu wengi ni wazee wa Unguja na Pemba, na wahudumu wangu huandika kwa Kiswahili, tena kwa amri yangu: andikeni kila neno. Mashine ikikuta Kiswahili haioni la hatari, inabandika Wazi.

Basi Ijumaa moja, saa tisa mchana, akaingia bibi mmoja, kanga kichwani na koti juu yake. Mkono wa kushoto umekolea hina, wa kulia hauna hata tone.

"Mwanangu, nimekuja kwa faili la Zuhura wa Neasden. Ule ukurasa wa Alhamisi, ufunge."

Jina nililijua kwenye orodha. Mteja huyo alifariki wiki iliyopita.

"Wewe ni nani wake, bibi?"

"Hana wa karibu zaidi yangu."

"Una kitambulisho?"

"Mie? Sina tena."

"Basi jaza fomu hii, tutakujibu mwezi ujao."

"Saa kumi na moja leo, mwanangu. Nisitiri."

Niamini, nilimsomesha nusu saa nzima. Nilimweleza mfumo, lebo, sera. Kila nikimaliza ananitazama kama mtu anayesubiri mtoto mjinga amalize kulia. Wewe ungevumilia?

"Na lebo ya sitara iko wapi?" akauliza.

"Haipo. Ziko tatu."

"Nani kapanga?"

"Mimi mwenyewe!"

"Ndiyo maana," akasema.

Nikamfungulia mlango. Ngazi zetu za mbao hulia hata paka akipita. Kwake hazikulia. Nilikuwa nimeudhika mno hata sikujiuliza.

Saa kumi na nusu akaja Mwanaidi, mhudumu wangu, kurudisha funguo za nyumba ya marehemu. Nikamwaga hasira zangu zote kwake. "Tena hata kujipamba hajui! Hina mkono mmoja!"

Mwanaidi akakaa chini, sakafuni.

"Bosi, hina ile nilimpaka mie. Bibi Zuhura. Alhamisi. Sijafika mkono wa pili akalala, na alfajiri akafa." Kisha akaniangalia. "Kwani hujapata kumwona? Mwaka na nusu tumemhudumia?"

Nikamuuliza kuna nini kwenye ukurasa wa Alhamisi.

Akanieleza. Mwanawe bibi, Salim, alikuja asubuhi ile akamwosha mama yake miguu, akambusu mkono, akaenda kazini. Maradhi ya kusahau yalikuwa yamemmaliza bibi wa watu. Mlango ulipofungwa tu akasema, "Nani yule? Mwizi yule. Sikumzaa mimi. Radhi zangu hapati."

"Ukaandika?"

"Si ulisema kila neno, bosi?"

Mtoto amfulie mama yake, amlishe, amzike, halafu jioni simu imwambie radhi hana! Nikaruka kwenye kompyuta. Saa kumi na dakika arubaini na tano. Huna ruhusa. Nikaingiza neno la siri upya. Huna ruhusa. Mimi! Niliyeinunua! Nikawapigia wauzaji wa mfumo, wakanipigia muziki. Nikachomoa waya, kumbe mafaili hayako ofisini, yako huko mtandaoni kwao. Mwanaidi anasoma dua, mimi natukana, saa kumi na moja ikagonga.

Dakika kumi baadaye simu ikalia. Ni Salim. Nikapokea.

"Asante kaka, nimepata daftari la mama. Nimelia, nimecheka. Ila ukurasa wa Alhamisi una neno moja tu, Sitara. Ndiyo nini?"

Nikarudisha waya, nikafungua orodha ya lebo. Zilikuwa nne.

"Ndiyo utaratibu wetu," nikamwambia. Na mara ya kwanza maishani mwangu sikusema kwamba nimeupanga mwenyewe.

Mpaka leo mafundi watatu wamekuja, nimewalipa wote. Lebo wanaiona, aliyeiweka hawamwoni, na kuifuta hawawezi. Inajibandika inapotaka. Imejibandika hata kwenye tangazo la kampuni yangu, lile nililoandika kwa mkono wangu kwamba mimi namjua kila mteja kwa sura. Kila nikitaka kulituma, linajifunga. Nimelaani, nimepiga meza.

"Usikasirike, bosi," Mwanaidi akasema. "Lebo imekusitiri."

Siku hizi kila Alhamisi napanda basi kwenda kuwaona wateja, mmoja mmoja. Na wewe unayeweka mambo ya watu kwenye mashine, mtu akija kukuomba sitara usimpe fomu. Mwangalie mikono kwanza.